Mlisema Nimejikaza, Kumbe Nilikuwa Nimekufa Ganzi

Wasee, kabla mnitukane: ndio, hii sinema ni ya Kijapani, ina dakika 179, na majina ya waigizaji yanaanza kutokea kwa skrini baada ya kama dakika 40. Mimi nilidhani ni simu imeharibika. Inaitwa Drive My Car, ya Ryusuke Hamaguchi, ilitoka 2021, na 2022 ikabeba Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Beshte yangu alinitumia akaniambia ni ya mapenzi. Nikaiweka kando nikikata video zangu, nikipanga kuitazama na jicho moja. Video haikukatwa hiyo siku.

Kuna jamaa anaitwa Kafuku, muigizaji na mwelekezi wa michezo ya jukwaani. Bibi yake, Oto, anaandika hadithi za runinga. Walizika mtoto wao akiwa na miaka 4. Wanapendana, hilo unaliona. Siku moja safari ya ndege ya Kafuku inaahirishwa, anarudi nyumbani, anapata bibi yake na mwanaume mwingine kwa kochi. Sasa hapo Mkenya anangoja vita. Kafuku anarudisha mlango polepole, anaenda kulala hoteli, na bibi akimpigia video anajifanya ameshafika alikokuwa anaenda. Maisha yanaendelea. Chakula, kazi, kitanda, kila kitu sawa.

Halafu asubuhi moja Oto anamwambia: jioni ukirudi, tuongee. Yeye anahisi ni nini. Kwa hivyo anazunguka na gari mjini bila pa kwenda mpaka usiku uingie. Akifika nyumbani anampata ameanguka sakafuni. Damu imevuja kwa ubongo. Lile neno alilotaka kusema ameenda nalo.

Miaka miwili baadaye Kafuku yuko Hiroshima akiandaa mchezo wa Chekhov, Uncle Vanya. Anafanya kazi safi. Anaongea na watu kwa heshima, halewi ovyo, haharibu kitu. Angekuwa wa huku kwetu tungesema, "Huyo jamaa amejikaza."

Na hapa ndio nataka kuwagusa, kwa sababu hilo neno mlinipea mimi pia.

Mathe alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo. Mnajua vile huenda: kamati, namba ya kutuma mchango, hema, viti vya kukodisha, basi ya kwenda ushago. Mimi ndiye nilisoma wasifu wa marehemu na sauti haikutetemeka hata mara moja. Mjomba akanigonga mgongo akasema, "Sasa wewe ni mwanaume." Siku ya nne baada ya mazishi nilikuwa nimeposti video, ya kuchekesha. Mkajaza hapo chini pongezi, mkasema nina roho ngumu, mkaweka zile alama za misuli. Jumatatu watu walikuwa wameanza kutoka kwa kikundi cha WhatsApp cha mazishi, mmoja mmoja, jina lake na neno "ametoka". Siwalaumu. Kazi ya kikundi ilikuwa imeisha.

Shule niliacha muhula uliofuata. Wengi wenu hudhani ni karo, na karo ilikuwa shida kweli, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakaa darasani nikiona mdomo wa mhadhiri ukisonga tu. Nilikuwa na dem pia. Alivumilia miezi saba. Siku ya kuondoka aliniambia kunikumbatia ni kama kukumbatia mlango. Sikuumia. Niliona tu begi yake ni kubwa, nikajiuliza kama ataipandisha aje kwa mat.

Buda, hiyo si nguvu. Mtu akidungwa sindano kwa daktari wa meno anaweza kung'olewa jino bila kupiga kelele, na hakuna mtu humsifu.

Turudi Hiroshima. Gari la Kafuku ni Saab nyekundu, ya zamani, na ndani yake kuna kaseti. Oto alipokuwa hai alirekodi maneno ya wahusika wote wa huo mchezo isipokuwa Vanya, akiacha nafasi za kimya ili bwana yake, akiendesha, ajaze sehemu ya Vanya. Fikiria hiyo. Bibi amekufa, na kila siku jamaa anaingia kwa gari, anabonyeza, bibi anaongea, yeye anajibu. Sekunde zimepimwa. Hakuna siku bibi atasema kitu kipya, na hakuna siku atauliza kile alitaka kuuliza ile jioni. Ni mapenzi salama kabisa. Nilisimamisha sinema hapo nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wenye tamasha wanamlazimisha awe na dereva. Wanamletea Misaki, dem wa miaka 23, kovu kwa shavu, maneno machache. Anaendesha laini sana, unasahau uko kwa gari. Alijifunza akiwa bado mtoto wa shule, akimpeleka mama yake stesheni, na gari likiruka mama anaamka na kumpiga teke. Huyo mama alikufa nyumba ilipofunikwa na maporomoko ya udongo. Misaki alitoka. Hakurudi ndani kumtafuta. Yule mtoto wa Kafuku naye, angekuwa hai, angekuwa na miaka 23.

Kuna watu mtandaoni wanasema hawa wawili walifaa kubusiana mwisho. Tafadhali. Kuna usiku wanavuta sigara ndani ya gari, yeye ambaye hakuwa anaruhusu moshi humo, na wote wawili wanainua mikono kupitia kidirisha cha paa ili moshi usiingie. Mikono miwili juu ya gari nyekundu, hakuna neno. Kama bado unataka busu baada ya hapo, nenda Netflix, ziko nyingi.

Kitu kingine kilichonishika ni mazoezi. Kafuku anawalazimisha waigizaji wasome maneno yao polepole bila hisia yoyote, siku baada ya siku, kila mtu na lugha yake: Kijapani, Kichina, mmoja Lugha ya Ishara ya Kikorea. Wanachoka, wanalalamika. Huyu wa ishara, Yoo-na, alikuwa mcheza densi, mimba ikatoka, mwili ukakataa kucheza tena. Anaeleza kwamba hayo maneno ya mchezo yanaingia ndani yake na kuusogeza mwili uliokuwa umekwama. Kafuku anasikiliza vizuri sana, ilhali yeye mwenyewe amekataa kuigiza Vanya. Anajua yale maneno yatamchokoa.

Mwishowe anaendeshwa na Misaki mpaka Hokkaido, kaskazini kabisa, kwa theluji, mahali nyumba ya Misaki ilianguka. Wanasimama pale na jamaa anavunjika. (Kusema ukweli, hapo wanaongea sana. Sinema imetufundisha kimya kwa saa mbili na nusu halafu inaanza kueleza.) Lakini anachokiri si kwamba anamkosa Oto. Anakiri kwamba siku ya ule mlango angeumia sawasawa, aumie mpaka mwisho. Badala yake akajifanya hajaona, na hivyo akampoteza bibi akiwa bado anapumua. Sasa anataka kumwona hata dakika moja tu, amfokee.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hiyo ya kumfokea sikuwa nimeitarajia. Kwa sababu mathe alijua anaumwa miezi mitano na hakuniambia, eti nisivurugwe mitihani. Alijikaza. Nilimsamehe haraka sana, kabla sijamkasirikia, na nafikiri hapo ndipo kila kitu kilifungika.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "Kaka, songa mbele." Nilisonga. Ona vile nilisonga.

Nina meseji zake 9 za sauti. Nimezihamisha kwa simu tatu tofauti kwa uangalifu kuliko pesa, na sijawahi kubonyeza hata moja. Jana kwa mat ya kuenda tao nilibonyeza ya sekunde 14. Analalamika kuku wa jirani wamemaliza sukuma yake, halafu ananiuliza nimekula. Nikamjibu kwa sauti kwamba alikosea kunificha. Mama aliyekaa kando yangu akanisogezea leso bila kuniangalia. Nilishuka stegi mbili mbele ya yangu.