MLANGO ULIO WAZI NA WASIOAMBIWA

Mlango uliofungwa una kheri kuliko mlango ulio wazi ambao mtu hakuambiwa upo wapi. Aliyefungiwa hubisha hodi, na akichoka huuvunja. Asiyeambiwa hupita njia akidhani kuwa ni ukuta. Leo twataka kusema juu ya skuli za kimataifa na watoto wa mafukara.

Sisi tuandikao haya ni wazaliwa wa Pemba, na riziki imetufikisha Buganguzi, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, ambako duka letu huitwa "kwa Mpemba". Alitujia jirani yetu mmoja, mwenye kibanja cha migomba na mibuni, pamoja na binti yake wa kidato cha nne. Walikuwa wamesikia, kwa mtu aliyesikia kwa mwengine, kwamba iko skuli ya kimataifa inayowasomesha maskini wenye bidii bila ya kuwatoza ada. Tukaitafuta fomu katika simu yetu. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, yataka barua za walimu, na yataka insha: mwombaji aeleze amewatendea nini watu wa kwao.

Binti akainamisha kichwa, akasema: "Mimi sijafanya kitu, shekhe."

Nasi twamjua. Ndiye achotaye maji kabla ya kupambazuka, ndiye apaliliaye kibanja tangu mnyauko ulipoiua migomba ya baba yake, na ndiye aliyewafundisha wadogo zake kusoma. Kwake hayo si kitu, kwa kuwa tumewalea watoto wetu kwamba kujisifu ni aibu na kunyamaza mbele ya wakubwa ni adabu. Sisi wenyewe tulipopelekwa chuoni, mama alitushika mkono akatukabidhi kwa mwalimu pamoja na juzuu, tukawa wanafunzi; hapana aliyetuuliza tumefanya nini duniani. Tukamwambia binti ayaandike hayo hayo. Alipomaliza ndipo tulipoona, chini kabisa ya ukurasa, kwamba siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikwisha pita siku sita.

Wako watakaosema kuwa skuli hizo ni za watoto wa mabalozi na matajiri. Ni kweli kwa nyingi katika hizo, ambazo ada yao hadi mwaka 2025 ilikuwa ikihesabiwa kwa dola za Kimarekani, na mkulima wa kahawa hawezi kuikaribia hata auze kibanja. Lakini si zote, na hapo ndipo penye dhulma. Skuli ya kimataifa ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa madaktari wageni wa hospitali ya KCMC. Tangu 2019 imo katika jamii ya United World Colleges, nayo husomesha Moshi na Arusha. Jamii hiyo ilianzia Atlantic College, huko Wales, mwaka 1962. Ina kamati katika nchi zaidi ya 150, Tanzania ikiwamo; kamati hizo ndizo zinazowachagua vijana kwa masomo ya miaka miwili, na asiye na uwezo huweza kusaidiwa ada kwa kadiri ya haja yake. Mwenzake ni Waterford Kamhlaba, katika Swaziland, ambayo leo yaitwa Eswatini. Ilifunguliwa mwaka 1963 ili mweusi na mweupe wasome pamoja, wakati Makaburu jirani zao wakiwatenga. Mabinti wa Mandela walisoma hapo.

Basi viti vipo, na vingine vimo katika ardhi yetu wenyewe. Twauliza: nani avijuaye? Huvijua mtoto ambaye mzazi wake ana ofisi na rafiki wa ofisini. Wa Buganguzi havijui, na wa Micheweni havijui. Kisha waheshimiwa hutwambia kuwa watoto wa shamba hawakuomba!

Wengine wataogopa kuwa mtoto atapotea dini na mila. Hofu hiyo hatuicheki. Wazee wetu wa Unguja na Pemba walisita kuwapeleka watoto katika skuli za Serikali mpaka Kurani ilipotiwa katika masomo. Walidai sharti lao likakubaliwa. Lakini adaiye sharti ni yule aliyeufikia mlango.

Kwa hiyo twazitaka Wizara zote mbili, ya Bara na ya Visiwani, zibandike tangazo la nafasi hizi katika kila skuli ya sekondari, mapema kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na maelezo yawe kwa Kiswahili ili baba na mama wayaelewe, ijapokuwa majibu yataandikwa kwa Kiingereza. Hilo halihitaji bajeti. Lahitaji karatasi na gundi.

Na sisi wa upinzani tusijivue lawama. Matawi yetu hujua kuandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba. Yashindwe vipi kumwandikia mtoto mmoja barua? Kila tawi na kila madrasa iwe na mtu wa kuzisoma fomu hizi na kuziangalia tarehe zake.

Binti yule ameiweka insha yake katika msahafu wa duka letu, maana kwao paa lavuja. Twamtunzia. Mwaka ujao tutaanza na tarehe.

Wabillahi tawfiq.