Mwalimu wa Hisabati Naye Apewe Nafasi ya Kusoma

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kilio cha Hisabati huanza upya. Mwaka 2022 hapa Tanzania, katika kila watahiniwa watano, aliyefaulu somo hilo ni takribani mmoja. Mwaka uliofuata, mmoja katika wanne. Na hili ni somo la lazima, kila mtoto hulifanya apende asipende. Baada ya tangazo hufuata lawama: wanafunzi wavivu, wazazi hawafuatilii, vitabu havitoshi, madarasa yamefurika. Mwalimu naye husemwa kwa maneno makali kwamba hajitumi. Nadhani tumelaumu vya kutosha. Swali ambalo hatujamwuliza mwalimu huyu ni moja, nalo ni la heshima: tangu utoke chuoni, ni nani aliyekaa nawe mkaitazama upya hesabu unayoifundisha?

Sizungumzii mbinu za kufundishia. Semina za mbinu tumezipata nyingi, za vikundi, za chati ukutani, za kumshirikisha mwanafunzi, na zina faida yake. Lakini mtu hawezi kuwashirikisha wengine katika jambo ambalo yeye mwenyewe amelishika kwa kanuni tupu. Mtoto atauliza, "Mwalimu, tukigawanya kwa sehemu, kwa nini tunapindua halafu tunazidisha?" Asiyejua sababu atajibu kwamba ndiyo kanuni, tuendelee. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Hana pa kumpeleka yule mtoto. Na mtoto aliyejibiwa hivyo mara tatu haulizi tena mara ya nne.

Mwaka 1999 Liping Ma, mama wa Kichina aliyewahi kufundisha katika shule ya kijijini kabla ya kwenda kusoma Marekani, alitoa kitabu ambacho kila afisa elimu angepaswa kukijua. Aliwaendea walimu wa shule za msingi wa nchi hizo mbili akawapa hesabu ndogo: moja na robo tatu, gawanya kwa nusu. Kisha akawaomba watunge kisa cha maisha kinacholingana na hesabu hiyo. Walimu 72 wa China wote walipata jibu. Walimu wa Marekani walikuwa 23, na waliopata hawakufika nusu. Kwenye kisa ndipo mambo yalipodhihirika zaidi: Wachina tisa katika kila kumi walitunga kisa sahihi, ila kwa upande wa Wamarekani ni mmoja tu aliyetunga kinachokubalika.

Wengi walikosea wapi? Walisimulia habari ya kugawa kitu kwa watu wawili. Hebu mwalimu unayesoma hapa ujipime nawe. Una kilo moja na robo tatu ya sukari. Ukiifunga katika mifuko ya nusu kilo, utapata mifuko mitatu na nusu. Hiyo ndiyo kugawanya kwa nusu. Ukiwagawia watu wawili sawasawa, kila mmoja ataondoka na gramu 875. Hiyo ni kugawanya kwa mbili, hesabu nyingine kabisa. Anayeijua kanuni peke yake anaweza kuandika jibu la kwanza ubaoni huku akieleza kisa cha pili, na darasa zima likanyamaza likidhani ujinga ni wake.

Linalonigusa zaidi ni kwamba wale walimu wa China walikuwa wamesoma miaka michache kuliko wenzao wa Marekani. Maarifa yao hayakutokana na vyeti. Walijenga ufahamu wao wakiwa kazini: wakisoma kitabu cha kiada mstari kwa mstari, wakikutana na wenzao wa somo kuzungumzia mada ijayo, wakitafuta njia ya pili na ya tatu ya hesabu ambayo tayari walikwisha kuipata. Kwao kusoma hesabu ilikuwa sehemu ya kazi, sawa na kusahihisha madaftari.

Msomaji atasema hayo ni ya shule za msingi, sisi sekondari tuna walimu wenye shahada. Felix Klein, mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani, alilijibu hilo tangu 1908 katika mihadhara yake kwa walimu wa sekondari. Kijana akiingia chuo kikuu, alisema, hukuta mambo yasiyofanana na aliyosoma shuleni, basi ya shule huyaacha. Akirudi shuleni kufundisha, hukuta ya chuo hayana pa kushika, basi nayo huyaacha, na hufundisha jinsi alivyofundishwa yeye. Zaidi ya miaka mia moja imepita na maneno hayo yanaelezea walimu wetu wengi. Mtu amefaulu kalkulasi ya mwaka wa tatu, lakini hajapata kuelezwa na yeyote kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Shahada haikumfundisha hilo kwa kuwa ilidhani shule ilishamfundisha.

Tutazame jambo la sekondari kabisa, kukamilisha mraba. Vijana wetu huambiwa: chukua nusu ya namba inayozidishwa na x, ifanye kipeo cha pili, ongeza pande zote. Wanaokariri hufaulu leo na kusahau kesho. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alichora. Mlinganyo wake ulikuwa mraba wa x pamoja na x kumi, jumla 39. Chora mraba wenye upande x. Zile x kumi zipasue katika mistatili miwili, kila mmoja upana wake 5 na urefu wake x, uibandike mmoja kando ya mraba na mwingine chini yake. Umbo lililopatikana linakaribia kuwa mraba mkubwa, limepungukiwa na kona moja tu, tano kwa tano. Jaza kona hiyo kwa 25, na 39 inakuwa 64. Upande wa mraba mkubwa ni 8, toa 5, x ni 3. Sasa ile "nusu ya namba" ina sababu, "kipeo cha pili" kina sababu, na hata neno "kukamilisha" linaonekana kwa macho. Jibu la pili, lile hasi, mchoro haulitoi, na hapo mwalimu makini hupata swali lingine zuri la kuwaachia vijana. Hesabu hii haidai kompyuta wala maabara, inadai mwalimu aliyewahi kuonyeshwa.

Nani atamwonyesha? Tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayowakutanisha walimu shuleni kwao na katika vituo vya walimu. Huo ni mlango mzuri, na nasihi yangu ni kwamba walimu wa Hisabati wautumie kufanya hisabati. Wakikutana, wachukue mada ya wiki ijayo, watatue maswali kwa njia tofauti, waulizane sababu mpaka mtu wa mwisho aridhike, na wafanye hivyo kwa Kiswahili hata kama darasani watafundisha kwa Kiingereza. Shule yenye mwalimu mmoja wa somo iungane na jirani zake wa kata. Jirani zetu wa Kenya walianza tangu 1998, kwa msaada wa Japani, kuwapa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari mafunzo kazini, nasi tuna mengi ya kuwauliza.

Kikwazo kikubwa nakijua, ni aibu. Mwalimu wa Hisabati huheshimiwa kwa kuwa anajua, na kukiri mbele ya wenzake kwamba hajui sababu ya kanuni anayoifundisha kila mwaka ni mzigo mzito. Lakini mficha uchi hazai. Ndiyo maana vikao hivi visiwe vya ukaguzi. Mkuu wa shule asije na daftari la kuandika nani ameshindwa, wala mthibiti ubora asivitumie kupanga watu madaraja. Akija, akae na kalamu afanye hesabu pamoja nao.

Nanyi wahadhiri wetu, pamoja na Chama cha Hisabati kilichoanzishwa 1966, njooni katika kata. Msije na mada za juu zaidi. Njooni na sehemu, na namba hasi, na logi ambazo vijana huzifunua katika majedwali bila kujua kwa nini wanajumlisha. Mtakuta walimu wenye njaa ya kuelewa.

Mwisho nawageukia wenye kupanga ratiba. Mwalimu mwenye vipindi vya kutwa nzima, madaftari mamia na zamu ya wiki hawezi kuambiwa asome usiku. Mpunguzieni vipindi viwili kwa wiki, viandikwe kwenye ratiba kuwa saa ya walimu wa Hisabati, na saa hiyo isichukuliwe na kikao cha michezo, mahafali wala mgeni. Ihesabiwe kuwa kazi, na anayeikosa aulizwe kama anavyoulizwa aliyekosa kipindi.