Unga wa Mahamri na Unga Mwingine: Je, Chakula Kina Uraibu?

Mnamo tarehe 24 Machi 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Uwanja uliotumika ulikuwa ule wa gofu ulioko kisiwani, ukingoni mwa bahari, karibu na kivuko cha Likoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametawala mbio hizo tangu 2002, alijitoa kabla ya kufika mwisho kwa kulemewa na joto na unyevu. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeibuka mshindi, na upande wa wanawake taji likatwaliwa na Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Uholanzi. Joto la Pwani lilikuwa limemshinda bingwa wa dunia. Mashindano yakaisha, wakimbiaji wakarejea Bonde la Ufa na kwingineko walikotoka, na Likoni ikabakia na mbio zake za kila siku, yaani zile za kuwahi feri.

Hata hivyo, apitaye alfajiri katika barabara za Bamburi, Mtongwe au Mikindani siku hizi hakosi kuwaona watu wazima, wake kwa waume, wakikimbia pole pole kandokando ya lami kabla jua halijachomoza. Wengi wao hawatafuti medali. Wameambiwa na daktari wapunguze uzito kwa sababu ya sukari au shinikizo la damu, au wamejiambia wenyewe mbele ya kioo. Si jambo la kushangaza. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka wa 2008 na 2009, robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uliporudiwa mwaka wa 2014, idadi hiyo ilikuwa imefikia thuluthi moja.

Wakimbiaji hao husindikizwa na kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu akikimbia atakonda. Ya pili, ambayo hutolewa pale ya kwanza inaposhindwa, ni kwamba asiyekonda ni mraibu wa chakula. Kauli zote mbili zinastahili kuchunguzwa, na ya pili hasa iwahusu wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa ndani yake mna neno ambalo Mombasa bara haiwezi kulitamka kwa wepesi.

Tuianze ile ya kwanza. Kwa makadirio ya kawaida, mtu hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita anayokimbia. Mwanamke mwenye kilo 80 akikimbia kilomita 5, atakuwa ametumia kiasi cha kilokalori 400. Anaporudi nyumbani, mahamri mawili na kikombe cha chai ya maziwa iliyotiwa sukari vinatosha kulirudisha deni hilo lote na ziada juu yake, achilia mbali bakuli la mbaazi za nazi. Soda moja ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, kiasi ambacho ni mara mbili ya zile gramu 25 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kuwa ndizo bora zisizidishwe. Kilomita tano zinakimbiwa kwa dakika 40 za jasho; soda inanywewa kwa dakika mbili, tena kwa raha.

Ushahidi wa kutafakarisha zaidi umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao miongoni mwa Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaotembea na kuchimba mizizi kutwa wakitafuta riziki. Ilidhaniwa kwamba miili yao ingekuwa ikitumia nguvu nyingi kupindukia. Ikadhihirika kuwa, ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, nguvu wanazotumia kwa siku hazitofautiani sana na za mkazi wa Marekani anayeshinda kitini. Kwa maelezo ya watafiti hao, mwili ni mweka hazina mbahili: ukitumia huku, hubana kule. Wahadza si wembamba kwa sababu ya miguu yao peke yake. Chakula chao kina sehemu yake kubwa katika habari hiyo.

Wapo watakaowataja wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Nao walichunguzwa, matokeo yaliyochapishwa na Vincent Onywera na wenzake mwaka wa 2004 yalionyesha kuwa robo tatu hivi ya nishati yao ilitokana na wanga, ugali ukiwa mbele, na kwamba sukari ya chai haikuwa na nafasi ndogo. Sukari ile ile inayolaumiwa Changamwe ndiyo inayokorogwa katika kikombe cha bingwa. Tofauti ni kwamba bingwa hukimbia asubuhi na jioni, hulala mchana, na kazi yake ndiyo hiyo. Kumtolea mfano wake mama anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu kiwandani ni kumdhihaki.

Kukimbia, basi, si dawa kuu ya kupunguza uzito. Kusema hivi si kukubeza: moyo wa mkimbiaji hupata nafuu, sukari ya damu hushuka, usingizi huja, na mawazo hupungua hata pale mizani inapokataa kusogea. Kosa ni kuipima faida yote hiyo kwa mizani. Wengi huacha mbio baada ya miezi miwili wakiamini kuwa wameshindwa, ilhali miili yao ilikwisha kufaidika.

Sasa lije hilo neno. Katika matumizi ya zamani ya Pwani, uraibu ulihusu tambuu, tumbaku na vitu vingine vya kutia kinywani kwa starehe. Ulikuwa ni sehemu ya ukarimu, na mgeni alikaribishwa nao. Baadaye neno likahamia kwenye madhara. Tangu miaka ya 1980, heroini ilipoanza kuingia katika mitaa ya Pwani ya Kenya, vijana wa Likoni na Kisauni wameangamia kwayo, na lugha ya mtaani ikawapachika wanaoitumia jina la mateja na kuyaita mateso yao ya kuikosa arosto. Dawa yenyewe ikaitwa unga. Kwa hiyo katika nyumba moja ya Mtongwe neno hili moja linaweza kutamkwa mara mbili katika asubuhi moja: mama akiulizia unga wa kukandia mahamri, na jirani akinong'ona kwamba mtoto wa fulani amerudi kwenye unga. (Tena hata jina la kitafunio hiki chetu kisicho na hatia lina undugu wa mbali na ulevi, kwani hamira na hamri, yaani mvinyo, ni maneno yatokanayo na mzizi mmoja wa Kiarabu.)

Je, unga wa kwanza unaweza kumshika mtu kama unga wa pili? Wanasayansi wenyewe hawajaafikiana. Istilahi ya uraibu wa chakula ilitumiwa na daktari Mmarekani, Theron Randolph, mwaka wa 1956. Mwaka wa 2009, Ashley Gearhardt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walibuni kipimo cha maswali kilichoigizwa kutoka vigezo vya uraibu wa dawa: kula kuliko ulivyokusudia, kujaribu kuacha na kushindwa, kuendelea ilhali madhara unayaona. Vyakula vinavyotajwa sana na wanaojiona wameshikwa ni vile vilivyounganisha mafuta na sukari au wanga uliokobolewa. Hapana anayeamka usiku wa manane akipapasa jikoni kutafuta muhogo wa kuchemsha. Wapinzani, akiwemo Johannes Hebebrand na wenzake mwaka wa 2014, wamejibu kuwa haijapatikana kemikali moja ndani ya chakula inayoweza kushtakiwa kama inavyoshtakiwa nikotini. Kama kuna uraibu, ni wa kitendo cha kula na si wa kitu kinacholiwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka wa 2013 uliutambua ugonjwa wa kula kwa kufululiza pasipo kujizuia, lakini uraibu wa chakula haukuingizwa.

Hoja ya Hebebrand ina uzito, lakini mtu wa Kisauni ana sababu yake nyingine ya kusita. Huko kuna kliniki ya methadoni, huduma ambayo nchini Kenya ilianza kutolewa mwishoni mwa 2014, ambako wagonjwa hufika kila siku kunywa kipimo chao mbele ya mhudumu. Katika mlango wa kliniki kama hiyo, neno mraibu lina kazi ya heshima: linamtoa mtu katika uteja na kumweka katika ugonjwa unaotibika. Kwa kipimo hicho hicho, huenda likamfaa pia yule anayekula kwa kificho na kulia baadaye, ambaye hadi leo Kiswahili kimempa majina mawili tu, mlafi na mroho. Huyu ni mgonjwa na anahitaji tabibu, na kumwita mraibu ni kumstahi kuliko kumwita mroho. Lakini neno hilo likitandazwa kwa kila mwenye kilo nyingi, litafanya kinyume. Litamwambia mamake teja na mwenye kupenda viazi karai kwamba msiba wao ni mmoja, jambo ambalo si kweli, na litaifanya tamaa ya mtu mmoja kuwa chanzo cha hali ambayo imeletwa na mambo mengi nje yake.

Mathalani, mchukue mwanamke wa Mtongwe anayevuka kila siku kwenda kazini kisiwani. Hana nafasi ya kupika asubuhi. Njiani, kati ya stendi ya matatu na kivuko, kinachopatikana kwa sarafu chache ni kile kilichokaangwa: mahamri, viazi karai, bajia, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Matunda yapo, lakini hayashibishi hadi adhuhuri. Kampuni za soda zimepaka majina yao katika kuta za maduka hadi vichochoroni. Jioni anarudi, na nyumbani, akiwa mnene, anaambiwa amenawiri. Akikonda, majirani watauliza ana nini. Swali hilo lina historia. UKIMWI ulipozuka Uganda katika miaka ya 1980 uliitwa kwa jina la wembamba, na katika miaka ya 1990 kukonda kwa ghafla kulikuwa tangazo la mauti pwani na bara. Mwili ulionenepa ulikuwa ni ushahidi wa uzima. Kizazi kilichozika ndugu zake hakiwezi kusahau hayo kwa kuonyeshwa chati ya uzito.

Mwanamke huyo anapoamua kukimbia, atakimbilia wapi? Kisauni kuna njia za msituni za Bamburi, kwenye machimbo ya saruji yaliyoanza kupandwa miti na René Haller mwaka wa 1971, lakini ni mahali pa kulipia. Changamwe, barabara ni za malori ya bandarini na vumbi lake. Likoni anabaki na ukingo wa lami gizani, akiwa na buibui lake na hofu yake, akipishana na bodaboda. Uwanja wa shule ya msingi ulio jirani na nyumba yake uko mtupu saa hiyo, na lango lake lina kufuli.