Ngiri kubwa inataka majuma ya maandalizi

Tangu M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, waliopigwa risasi na mabomu wamekuwa wa kwanza kwenye vyumba vya upasuaji. Hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kupita vitanda vyake. Katika hali hiyo mgonjwa wa ngiri kubwa ya tumbo, ambaye hayuko karibu kufa leo, huambiwa angoje. Tunaelewa uchungu wake. Lakini kungoja huko kuna kazi ndani yake, na makanisa yetu bado hayajaizoea.

Wengi wao ni akina mama waliopasuliwa wakati wa kuzaa, kisha kovu likaachia. Miaka inapita, matumbo yanahamia nje, na nafasi yao ya ndani inapungua. Yakirudishwa yote siku moja, yanasukuma mapafu juu, mgonjwa anashindwa kupumua, na mshono unavutwa mpaka unakatika. Penye uwezo, waganga hupiga sindano ya kulegeza misuli ya tumbo wiki kama 4 kabla, au huingiza hewa tumboni kidogo kidogo kwa siku kadhaa, njia iliyojulikana kupitia Goñi Moreno wa Argentina tangu miaka ya 1940. Sindano hiyo ni ghali.

Mengine hayadai mashine. Tumbako iachwe angalau wiki 4. Kikohozi cha muda mrefu kitibiwe, maana kila kukohoa kunavuta mshono. Sukari ya damu ishushwe. Mama mnene wa mjini ataambiwa apunguze uzito. Yule aliyekimbia Masisi na kuishi kwa ugali mtupu anahitaji kwanza maharagwe, mayai na sambaza, la sivyo kidonda hakitafunga. Hapo ndipo tunaona pengo: parokia inachanga pesa ya upasuaji kwa bidii, ila hakuna anayechangia mayai. Tunaomba mashemasi waingize chakula hicho katika hesabu ile ile.

Lakini ngiri ikiwa ngumu, ikauma sana na kukataa kurudi, au mgonjwa akitapika na kukosa choo na hewa, maandalizi yote yaachwe. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kila parokia ijue tangu sasa ni nani mwenye gari au pikipiki anayekubali kuamshwa usiku.