Tusiogope Kusoma Programu



Naomba nafasi niseme neno juu ya kipimajoto cha banda letu la vifaranga. Usiku mmoja kompyuta ilionyesha digrii 85. Mwenzetu wa zamu alitaka kuzima taa. Laiti angeizima, vifaranga wangekufa kwa baridi.

Kipimajoto hicho, DS18B20, hutuma habari kwa waya mmoja. Chipu ya DS2490 huipokea na kuipitisha kwenye USB, nacho kiendeshi kilichomo katika kiini cha Linux huiongoza chipu. Kiendeshi hicho ki wazi kwa kila msomaji. Nilikisoma jioni tatu, pamoja na maelezo ya kipimajoto, nikatambua kuwa 85 ni namba kinayoanza nayo kipatapo umeme, kabla hakijapima. Kupima kwaweza kuchukua milisekunde 750, na umeme ukipungua wakati huo, 85 hubaki. Tulikivutia waya wake wa umeme, tukasoma 33.

Wengine husema mambo haya ni ya mafundi wa ng'ambo. Sikubali hata kidogo. Kilichoandikwa wazi ni chetu pia, mradi tukisome. Wenzangu, kuuliza si ujinga.