MATEMBEZI SI ANASA YA WAGENI

Ipo kasumba moja iliyokaa vichwani mwa baadhi yetu kwa muda mrefu, nayo ni ile ya kudhani kwamba mtu anayetembea porini kwa miguu, bila jembe, bila mzigo na bila kufukuzwa, ama ni Mzungu ama ni mwendawazimu. Kwa sababu ya kasumba hiyo, vijana wa Kilangala na wa vijiji jirani wakitaka kuunda kikundi cha matembezi huchekwa, na huulizwa kama wamekosa kazi. Kicheko hicho ni cha ujinga, na lazima kikomeshwe.

Hebu tujiulize: njia za pwani hii ni za nani? Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, na ndugu zetu wakaletwa kwa njia hizo wakiwa wamefungwa minyororo ili wauzwe. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mifupa hiyo, zaidi ya tani 200, haikubebwa kwa reli wala kwa gari. Ilibebwa na wapagazi wetu, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, mpaka bandarini Lindi. Leo mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu hulipa kiingilio ili wamtazame.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Mwaka 1919 wataalamu wa Kijerumani walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina la Lettow-Vorbeck, jemadari aliyeiburuta nchi yetu katika vita vya wakubwa. Boheti alingoja mpaka mwaka 2007 ndipo na yeye akapewa mjusi wake. Ni watoto wangapi wa shule zetu wanaomjua? Na ni wangapi waliowahi kukanyaga Tendaguru?

Wapo watakaosema: mkulima wa ufuta na korosho hutembea kila siku kwenda shambani, basi matembezi ya nini tena? Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Mwendo wa shambani ni wa kazi, na macho ya mwenye kazi hutazama kazi. Matembezi ya kikundi ni darasa. Hapo mzee humwonyesha kijana mti wa dawa, kisima cha zamani na mahali palipokuwa kijiji, na mambo hayo hayafundishwi kwa kukaa kibarazani. Wala kutembea si unyonge. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, na hakuna aliyemwita mzururaji.

Lakini hatari kubwa zaidi ni hii: tusipozishika njia zetu, watazishika wengine. Atakuja mfanyabiashara kutoka mjini na wageni wake, atapita Rutamba na Rondo, atapiga picha, atapokea fedha, na kijiji kitaachiwa makopo matupu. Tusiseme kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Vijiji vya Wilaya ya Kilwa vilichukua misitu yao mikononi mwao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha matunzo bora. Magogo ya mpingo yakauzwa kwa faida ya kijiji. Ikiwa kijiji kinaweza kusimamia mti, kitashindwaje kusimamia njia?

Kwa hiyo kila kijiji kiunde kikundi chake, wanawake kwa wanaume, chini ya Serikali ya Kijiji. Wazee waombwe kuonyesha njia, na majina ya mahali yaandikwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Matembezi yafanywe wakati wa kiangazi, kwa makundi, wakiwa na maji na kiongozi anayejua nyayo za tembo, na ofisi ya kijiji iarifiwe kabla. Mgeni akaribishwe, lakini alipe ada iliyoamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na aongozwe na mwenyeji. Wala asiokote mfupa wa kale hata mmoja. Tani 200 zilizokwenda zinatosha.

Wazee wanaozijua njia hizi wanapungua kila mwaka, na njia isiyopitwa huota majani. Wanaotucheka na waendelee kucheka. Sisi tuanze safari.