Kushusha Gari: Tajiri Anapendeza, Fundi Anaumia



Wapo matajiri wanaonunua Land Cruiser au Hilux, magari yaliyotengenezwa yasimame juu ili yapite kwenye matope na mawe, kisha wanayaleta Katwe au Ndeeba wakisema: fundi, lishushe, liwe chini kama gari la harusi.

Mali ni yake. Hatukuunda chama ili tuwachagulie matajiri sura za magari. Tena tuseme haki: gari lililoshushwa kwa kiasi, kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na shokamzoba zinazolingana nazo, haliyumbi sana kwenye kona. (Kona gani hapa Kampala, yenye mashimo na matuta, na Bwaise ikigeuka ziwa kila mvua kubwa, mimi sijui.) Ugomvi wetu ni namna kazi inavyofanywa, na nani anayelipa baadaye.

Springi za haki ni ghali. Kwa hiyo bosi wa gereji anamwambia kijana: kata zilizopo kwa gesi. Moto ule unaua ugumu wa chuma, na ncha iliyokatwa haikai sawa mahali pake. Nyuma wanatoa chuma kimoja au viwili vya springi, au wanaweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli.

Hapo dereva asikilize vizuri. Hilux nyingi za zamani zina kifaa cha breki karibu na ekseli ya nyuma, kimeunganishwa nayo kwa fito. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka kwa uzito, kinaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukishusha bodi bila kurekebisha fito ile, kifaa kinadhani gari limejaa magunia, kumbe ni tupu. Siku ya mvua, barabara ya Masaka, dereva akikanyaga breki, magurudumu ya nyuma yanafunga na gari linageuka. Polisi watamuuliza dereva. Hakuna atakayeuliza nani aliamuru lishushwe.

Na fundi je? Yeye yuko chini ya gari la tani mbili lililoshikwa na jeki moja na matofali. Springi iliyobanwa imejaa nguvu. Ikichomoka inavunja taya. Nimeona kwa macho yangu imefungwa kwa waya kwa sababu bosi hataki kununua chombo cha kubania. Kijana akiumia anaambiwa, "Wewe si mfanyakazi wangu, ni kibarua wa siku tu."

Huo ni ujanja. Sheria ya Ajira ya 2006 inatambua hata mkataba wa mdomo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2006, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Iko pia sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Hizi hazikuandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini peke yao. Vilevile dereva anayekatwa mshahara kwa sababu gari lililoshushwa limegonga tumbo kwenye tuta ajue kwamba mwajiri haruhusiwi kukata mshahara apendavyo.

Kwa hiyo wajumbe wa matawi wadai mambo haya kwa mabosi wa gereji. Stendi za chuma ziwepo kabla gari halijainuliwa. Chombo cha kubania springi kinunuliwe na bosi, si kwa mchango wa mafundi. Springi zisikatwe kwa gesi. Kila kazi ya kushusha gari iandikwe kwenye karatasi, na mwenye gari atie sahihi yake kwamba ndiye aliyeagiza. Nakala moja apewe dereva wa gari hilo, aiweke pamoja na leseni yake.

Bosi akikataa karatasi, mjumbe aandike tarehe na aina ya kazi katika daftari lake mwenyewe, alilete ofisi ya chama.